Zinazoelea

Siku ya nne tangu afike Nairobi, Bi Mahira alisukuma sahani ya mahamri hadi katikati ya meza, akafuta vidole ambavyo havikuwa vimegusa kitu, akamwambia mwanawe:

"Mimi nimeshiba, Munir."

"Umeshiba nini, Mama? Tangu jana magharibi hujatia kitu kinywani."

"Nimeshiba tu. Kwani kushiba nako kwataka cheti?"

Zena aliendelea kumimina chai. Hakuhitaji kuelezwa. Jana alasiri jirani wa mlango wa pili, hapo hapo Waithaka, alikuja kumsalimu mgeni, akamwuliza mkazamwana wake anafanya kazi gani. Munir, ambaye hajui kujisifu ila kwa ajili ya mkewe, akadakia: "Analea seli za utumbo wa panya! Zinatoka ng'ambo ndani ya barafu, na Parklands nzima hakuna mkono mwepesi kama wake." Tangu neno panya litamkwe, Bi Mahira alikuwa akiitazama mikono ya Zena kama mtu anavyotazama kisu asichojua kimekata nini.

"Mama, anavaa glavu mbili mbili," Munir alisema.

"Na mimi nikila nivae ngapi?"

Munir akacheka hadi chai ikampalia. Zena naye akacheka, ila kicheko chake kilikuwa kifupi. Ule unga aliukanda usiku akiwa amechoka, na alfajiri aliamka kuyakaanga mahamri kabla ya kwenda kazini.

"Kuanzia leo nitapika mimi," Bi Mahira alisema kwa upole. "Wewe pumzika, mwanangu. Una kazi nyingi za... za huko."

Upole huo ndio uliouma. Angegombezwa, angejibu. Lakini kuondolewa jikoni mwake mwenyewe kwa kuombewa mapumziko, akiwa na miaka hamsini, kulimfanya aweke birika chini na kwenda kuchukua mkoba wake.

Mlangoni Munir alimnong'oneza, "Vumilia. Angalau tutakula vizuri."

"Yaani mimi sipiki vizuri?"

"Nimesema hivyo?"

"Umesema hivyo."

"Basi nimekosea. Jumatatu ukipata barua yako nitakununulia viatu."

Barua hiyo hawakuizungumza zaidi. Miezi mitatu ya Zena ya kujaribiwa kazini ilikuwa inaisha Jumatatu, na kama angeajiriwa kikamilifu au la, barua ndiyo ingesema. Munir alikuwa amefunga kibanda kimoja kati ya viwili vyake vya kanzu na kofia pale Biashara Street, na tangu mwezi huo kodi ya nyumba ilitoka kwenye mshahara wa mkewe. Wote wawili walilijua hilo. Kwa kuwa walipendana, walizungumza habari za viatu.

* * *

Maabara ilikuwa juu ya kliniki ya meno, katika jengo la zamani lenye ngazi nyembamba na geti lililolindwa na Mungai. Mwenye maabara alikuwa Daktari Ravneet, binti wa Kisikh mwenye miaka thelathini na miwili, aliyezaliwa mtaa huo huo wa Parklands, akaenda kusoma mbali, akarudi na deni la usingizi na moyo mkubwa. Watu wengi hawajui kwamba utumbo una mishipa yake ya fahamu, na kwamba ndiyo inayousukuma ufanye kazi mtu akiwa amelala, akiwa anabishana, akiwa anaswali. Daktari Ravneet alitaka kujua mishipa hiyo inavyozaliwa. Ndiyo maana aliagiza seli shina zilizotolewa kwenye utumbo wa vitoto vya panya: seli changa, ambazo bado hazijaamua zitakuwa nini, lakini zikitunzwa vyema zinaweza kuwa mishipa ya fahamu.

Zilikuja zimegandishwa katika vichupa viwili, kila kimoja kidogo kuliko kidole cha mwisho. Kichupa cha kwanza Daktari alikiyeyusha mwenyewe wiki iliyopita, akakigawa kwenye visahani sita. Cha pili kilibaki ndani ya tangi la baridi kali, na hapakuwa na cha tatu. Bei ya kimoja ilishinda mshahara wa Zena wa miezi miwili.

Alhamisi hiyo Daktari alikuwa na safari ya Kitisuru, kumwona mzee mmoja tajiri aliyeonyesha nia ya kuchangia utafiti. Alikuwa anatafuta funguo za gari huku anazungumza.

"Bi Zena, leo ni siku ya kubadilisha maji kwa zile dish sita. Unajua, sindio?"

"Daktari, mimi nimeanza kubadilishia seli maji wewe ukiwa shule ya msingi."

Wakacheka wote, na Daktari akashuka ngazi mbili mbili. Zena hakuwa amesema uongo. Alikuwa ametumia miaka kumi na tisa katika maabara ya hospitali, akilea seli za kila namna. Lakini zile zote zilikuwa za jinsi moja: zikiwa hai hushika chini ya kisahani kama kuvu kwenye jiwe, na zikifa hubanduka zikaelea. Basi kazi ilikuwa kumwaga zinazoelea, kusuuza, kutia maji mapya yenye chakula. Mikono yake ilijua hivyo kama inavyojua kufunga mtandio.

Alitoa kisahani cha kwanza kwenye kabati la joto, akakiweka chini ya hadubini. Vitufe vidogo vya mviringo vilielea kila mahali. Chini kabisa, seli chache ndefu zilikuwa zimejishika imara.

"Maskini," Zena alijisemea. "Zimekufa nyingi hivi?"

Kwa sekunde moja hivi, swali lilimpitia. Angeweza kupiga simu. Lakini angeulizaje jambo la mwanafunzi, dakika kumi baada ya kujigamba? Na barua bado siku nne? Akachukua pipeti, akavuta vitufe vyote pamoja na maji yake, akavitia kwenye chupa ya plastiki iliyoandikwa "za kutupa". Akasuuza. Akatia maji mapya. Visahani sita, chupa mbili za kutupa, kazi safi isiyo na tone nje. Awiti, anayeosha vyombo na kuua mabaki kwa dawa kila saa nane mchana, alisimama kando akiangalia.

"Auntie, wewe ukifanya kazi ni kama unashona."

"Ni mazoea tu, mama."

Simu ikaita sandukuni nje ya mlango, mahali simu zote zilipoachwa ili uchafu usiingie ndani. Ni Munir. Mama amekuja na biriani hadi dukani, sufuria nzima, amepanda gari nayo kutoka Waithaka. "Usipokuja atasema umemdharau."

"Yaani mimi changu hakiliwi, ila chake nisipokula nimemdharau?"

"Zena wangu, kuna viazi ndani, vile vya rangi."

Zena akaziweka chupa mbili kwenye kibao cha Awiti, akavua koti, akaenda mjini kula.

* * *

Kibanda cha Munir kilikuwa chembamba kiasi kwamba mteja akiingia, mtu mmoja wa nyumbani hutoka. Walikula wamekaa juu ya marobota ya kanzu. Bi Mahira aliwapakulia kwa mkono mzito, akimwangalia Zena kila anapoinua tonge.

"Umenawa?"

"Mara tatu, Mama."

"Haya. Sikuuliza kwa ubaya."

Saa saba na dakika arobaini simu ya Zena iliita. Daktari Ravneet alinong'ona, kama mtu aliyetoka sebuleni mwa wenyewe kwa dakika moja.

"Bi Zena, zile mpira zimefika ngapi? Huyu mzee anataka number. Nimemwambia kama mia moja."

"Mpira gani, Daktari?"

"Zile ndogo ndogo, zinaelea. Si umeziona? Hizo ndio zenyewe. Zile zimeshika chini ni magugu tu, zitakuja kutusumbua. Ukihesabu nitumie, sawa?"

Tonge lilikuwa bado mdomoni. Zena hakulitafuna wala hakulitema.

"Nitahesabu," alisema, na simu ikakatika.

"Kuna nini?" Munir aliuliza. "Umekuwa mweupe."

"Nimewamwaga," Zena alisema. "Wote. Nimewamwaga walio hai, nikawalisha magugu."

Akampigia Awiti. Simu iliita, ikaita, ndani ya lile sanduku la nje ya mlango ambalo yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akilisimamia kwa ukali. Saa ya ukutani ya Munir ilisema saa nane kasoro dakika kumi na tano. Akampigia Mungai.

"Mungai, ni Zena. Panda juu sasa hivi, umwambie Awiti asitie dawa kwa zile chupa zangu!"

"Madam, siwezi acha geti. Daktari alisema hata kukiwa na moto nisiache geti."

"Daktari nitaongea naye mimi. Kimbia!"

"Na kuna gari ya mgonjwa wa meno inataka kutoka."

"Ifungulie, uliache wazi, ukimbie! Mungai, ndugu yangu, nakuomba kwa jina la mama yako!"

Kukawa na kelele za chuma, kisha buti zikigonga ngazi. Kisha pumzi, nzito kama za ng'ombe. Munir na mama yake walikuwa wamesogeza masikio kwenye simu, na mteja mmoja aliyekuja kutafuta kofia naye akasogea.

"Mungai! Mbona umesimama?"

"Mimi si kijana, madam. Hii ngazi imejengwa na mtu mbaya."

Buti tena. Mlango. Halafu sauti yake ikipaa: "Awiti! Wacha! Wacha hiyo kitu, weka chini!" Zena alifumba macho.

"Madam," Mungai alisema hatimaye. "Moja ameshatia dawa. Moja bado."

* * *

Zena alikuwa ameshatoka dukani kabla hajakata simu. Alipogeuka kona aliona Bi Mahira anamfuata, mkoba kwapani, buibui limeshikwa juu ya vifundo vya miguu.

"Mama, rudi. Naenda kazini."

"Mtu amepauka namna hiyo nimwache aende peke yake? Tembea."

Walitembea kwa mbio hadi Globe, mahali pikipiki zinapongojea abiria.

"Wawili, Parklands, mia tatu," kijana wa pikipiki alisema.

"Mia tatu twapanda au twainunua?" Bi Mahira aliuliza.

"Shosho, mafuta imepanda."

"Mia mbili, na uende polepole."

"Mia mbili hamsini, na uende mbio," Zena alisema.

Bi Mahira alikaa katikati. Kwa kuwa hangeweza kujibandika kwenye mgongo wa mwanamume asiyemjua, aliuweka mkoba wake baina yao, akaukumbatia huo. Njia nzima alisoma kila dua aliyoijua, na alipomaliza alizirudia kwa sauti kubwa zaidi, hata kijana wa pikipiki akaanza kuitikia amina kwenye kila tuta.

Juu, Awiti alikuwa amesimama mbali na kibao, mikono nyuma, kama mtu anayeogopa kupumua.

"Auntie, sikujua. Hii moja ilikuwa ya kwanza. Nilikuwa nafungua ya pili ndio Mungai akaingia kama mwizi."

"Hukukosea, Awiti. Ulifanya kazi yako. Aliyekosea ni mimi."

Zena alivaa koti na glavu, akaichukua chupa iliyopona kama mtu anavyopokea mtoto. Akaimimina taratibu kwenye kisahani safi, akaweka chini ya hadubini. Vitufe vingi vilikuwa vimevunjika, kwa kuwa asubuhi alivivuta kwa nguvu, kama takataka. Alihesabu vilivyobaki vizima. Akahesabu tena. Kumi na kimoja.

Bi Mahira alikuwa ameketishwa kwenye kigoda chumba cha nje, lakini hakuna kigoda kilichowahi kumweka Bi Mahira mahali pasipo na habari. Alijitokeza mlangoni.

"Ndio hao?"

"Ndio hao, Mama. Usiguse kitu. Ukitaka, tazama hapa."

Bi Mahira alivua miwani, akaivaa tena, akainama. Alikaa ameinama muda mrefu.

"Vyang'aa," alisema. "Kama shanga. Mimi nilidhani... Nilidhani utumbo utumbo, wa kwenye ndoo." Akainua uso. "Vya nini hivi?"

Zena alimweleza huku mikono yake inaendelea kufanya kazi. Kwamba wapo watoto wanaozaliwa sehemu ya mwisho ya utumbo wao haina mishipa ya fahamu, basi haisukumi, na mtoto hawezi kwenda choo. Kwamba hivi vya panya si dawa, bado kabisa, ni vya kujifunzia tu, kuona vinavyokua. Pengine miaka ishirini ijayo mtu mwingine angeendelea hapo walipoishia.

"Asiyekwenda choo," Bi Mahira alirudia. "Tumbo limevimba kama ngoma?"

"Ndiyo."

"Mjukuu wa dadangu, Kisauni. Twalisema ni kijicho. Twalimfungia hirizi mpaka shingo ikamwuma. Alipasuliwa mara mbili, masikini. Siku alipokwenda choo vyema nyumba nzima ilipiga vigelegele, majirani wakadhani tumepata posa." Akacheka, kisha akajifuta jicho kwa ukingo wa mtandio. "Sasa apiga mpira, hashikiki."

Simu iliita sandukuni. Munir. Awiti alimletea Zena hadi mlangoni.

"Zimepona?"

"Kumi na kimoja. Kati ya mia."

Munir akapunguza sauti, ingawa Awiti aliyemshikia simu alisikia kila neno. "Sikiliza. Vimetoka mbali, ndani ya barafu, njia nzima. Vingeweza kufika dhaifu. Nani atajua? Barua ni Jumatatu, Zena."

"Hata mimi sijaona kitu," Awiti alisema upesi. "Na Mungai hajui chochote, yeye anajua geti."

Zena alimtazama Awiti, akaitazama simu. Aliona jinsi walivyompenda, na ilikuwa vigumu kwelikweli, kwa sababu walikuwa wanampa njia. Akamgeukia Bi Mahira.

"Na wewe, Mama?"

"Mimi? Mimi nikisema uongo huusahau wiki ya pili, nikaumbuka. Wewe una kumbukumbu nzuri?"

"Sina."

"Basi."

* * *

Daktari Ravneet alifika saa kumi, amevaa viatu vya heshima vilivyomuuma, na uso wa mtu aliyeahidiwa kitu kizuri. Zena hakumngojea akae.

"Daktari, nimekosea. Nilidhani zinazoelea zimekufa. Nimezitoa zote, visahani vyote sita. Chupa moja imeshatiwa dawa. Katika ya pili nimeokoa vitufe kumi na kimoja."

Daktari Ravneet aliweka mkoba mezani. Alikwenda kwenye hadubini, akatazama kisahani kimoja, akatazama vile sita vilivyojaa magugu yaliyokuwa yanastawi kwa chakula kipya. Hakupiga kelele. Zena alitamani apige.

"Ulijua hizi ni za kuelea?"

"Sikujua."

"Na hukuniuliza."

"Sikuuliza."

"Kwa nini, Bi Zena? Si niko na simu?"

"Niliona haya," Zena alisema. "Wewe ni rika la binti yangu, kama ningekuwa naye. Nilishakuambia najua. Nikaona nikiuliza nitakuwa nimejivua nguo."

Daktari alivua viatu vyake, akakaa kwenye kigoda, akabaki na soksi. Kisha akachukua simu, na mbele yao wote akampigia yule mzee wa Kitisuru, akaanza kwa salamu ya Kisikh.

"Uncle, sat sri akal. Nilikuambia mia moja. Si mia. Ni kumi na moja." Akasikiliza. "Hapana, hazikufika zikiwa mbaya. Makosa ni ya hapa kwetu." Akasikiliza tena, na masikio yake yakawa mekundu. "Ndio, Uncle. Naelewa. Nitakuambia Jumatatu."

Zena alitazama sakafu. Maneno "hapa kwetu" yalimwingia kuliko kemeo lolote.

"Protocol yangu ni mbaya," Daktari alisema baada ya kukata simu. "Niliandika badilisha maji. Sikuandika zinaelea. Nilidhani kila mtu anajua, kwa sababu mimi najua." Akasimama. "Lakini bado nimekasirika, Bi Zena. Nataka ujue hiyo."

"Najua, Daktari."

"Sawa. Leta ile dish yenye gundi. Tutaziweka hapo zishuke. Zikitoa nyuzi za fahamu kufikia Jumatatu, basi ziko hai na ni zenyewe. Zisipotoa..." Hakumalizia. Alitambua kwamba kuna mgeni. "Na huyu ni nani?"

"Mama mkwe wangu."

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Vaa viatu, sakafu ina baridi."

* * *

Siku tatu hizo nyumba ya Waithaka iliendeshwa na vitufe kumi na kimoja. Ijumaa Zena alirudi na kusema hakuna kitu. Jumamosi alikwenda nusu siku, akarudi na kusema vimeshuka chini na kujishika, ila nyuzi hakuna. Bi Mahira aliuliza kama vimekula. Munir alitaka kujua kama ni vyema kuviangalia sana, au vinaona haya.

"Havina macho, Munir."

"Nimeuliza tu. Hata mimi nikiangaliwa sifanyi kazi."

Bi Mahira aliendelea kushika jiko, hakusema lolote juu ya mahamri, na Zena hakuuliza. Lakini Jumapili baada ya alasiri alimkuta mama mkwe wake amekaa sana kwenye mkeka wa sala.

"Umeomba nini muda wote huo, Mama?"

"Nilitaka kuviombea vile vyako. Nikajiuliza, utumbo wa panya huombewa vipi? Nikawaombea watoto. Huko juu wataelewana wenyewe."

Zena alicheka mpaka akakaa chini, hapo hapo pembeni mwa mkeka.

* * *

Jumatatu asubuhi hakuna aliyemsalimu mwenzake kwa kirefu. Daktari Ravneet alitoa kisahani kwenye kabati la joto, akakiweka, akasogea kando.

"Tazama wewe."

"Daktari, tazama wewe kwanza."

"Bi Zena."

Zena aliinama. Mwanzoni aliona kiza, kisha ukungu. Akageuza gurudumu dogo la kando, na kitufe kikajitokeza. Ukingoni mwake palikuwa na kitu chembamba kuliko unywele, kikienda, kikijipinda, kikigawanyika mara mbili. Kando yake kingine. Akasogeza kisahani. Kitufe cha pili kilikuwa kimetoa nyuzi pande zote kama jua analochora mtoto, na uzi mmoja mrefu ulikuwa umevuka nafasi tupu ukagusa uzi wa jirani yake.

"Vinashikana," Zena alisema.

"Ngapi?"

Alihesabu kwa midomo. "Tisa. Viwili bado. Tisa vimetoa."

Daktari Ravneet alimsukuma kwa bega, akatazama, akapiga kelele ambayo haikuwa ya Kiswahili wala Kipunjabi. Awiti aliitwa. Awiti akamwita Mungai, na Mungai akaacha geti kwa mara ya pili katika maisha yake, akapanda ngazi akilalamika, akatazama kwa jicho moja. "Hizi ni barabara," alisema. "Hizi ni barabara kabisa."

Walipotawanyika, Daktari alifunga mlango wa ofisi, akampa Zena bahasha. Hakumwacha aisome kwanza.

"Ni miezi mitatu mingine ya kujaribiwa. Nilikuwa nimeandika ile ya kukuajiri kabisa tangu wiki iliyopita, nikaichana Alhamisi. Siwezi kujifanya haikutokea. Yule mzee amesema atasubiri matokeo, na mimi pia nimewekwa kwa majaribio. Kama unaona ni uonevu, sema."

Zena alisoma barua. Mshahara ulikuwa ule ule. Alingoja fedheha ije, na ilikuja, ila ilikuwa ndogo kuliko alivyoiogopa, na ilipita.

"Si uonevu," alisema. "Naomba dakika mbili nimpigie mume wangu."

Munir alipokea kabla simu haijaita vizuri. "Eh?"

"Miezi mitatu mingine."

Kwa mbali magari ya mjini yalisikika. "Haya. Kibanda hiki hakijaenda mahali," Munir alisema. "Na wao?"

"Tisa wametoa nyuzi, Munir. Wameshikana mikono."

"Tisa! Mama, tisa!" Na kutoka ndani ya kibanda chembamba cha Biashara Street kikapaa kigelegele kimoja kirefu, cha pwani, kilichomfanya Zena aondoe simu sikioni. Alisikia mtu akiuliza ni harusi ya nani, na Munir akijibu kwa sauti kubwa kwamba ingia ndani, leo kofia zote zina punguzo.

Aliporudi, Daktari Ravneet alikuwa amevaa glavu nene za tangi la baridi. Mkononi, kikitoa moshi mweupe, alikuwa ameshika kichupa cha pili. Cha mwisho.

"Tisa hazitoshi kwa kazi yote," alisema. "Hii utayeyusha wewe."

"Mimi?"

"Maji ya joto, digrii thelathini na saba. Visahani viko tayari. Mimi nikiwa hapa nitakuwa nakuchungulia mikono, tutatetemeka wote wawili." Akamkabidhi. Akavua glavu, akatoka, akafunga mlango nyuma yake.

Zena alibaki peke yake na kichupa. Alikitumbukiza kwenye maji ya joto, akakizungusha taratibu. Barafu ndani yake ikawa kama njegere, ikawa kama punje ya mchele. Akakitoa, akakifuta kwa spiriti, akakifungua ndani ya kabati la hewa safi. Pipeti ilikuwa mkononi, maji mapya yalikuwa tayari, na mikono yake ya miaka kumi na tisa ilikuwa tayari ina jibu. Akaizuia.

"Daktari!" aliita kwa sauti, bila haya hata kidogo. "Namimina yote mara moja, au tone kwa tone?"

"Tone kwa tone, Bi Zena!" jibu lilikuja upesi sana, na kwa karibu sana, kama la mtu aliyekuwa amebandika sikio lake mlangoni.